MAWENZI: KILELE CHA UPANDE WETU



Kamati ya maandalizi ya mkutano wetu imeniomba niandike katika kijitabu hiki habari za mlima wa nyumbani, kwa kuwa miongoni mwetu tuishio Uingereza mimi ni mmoja wa wachache waliozaliwa chini yake na kufanya kazi ya serikali huko kabla ya kuhama. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, ingawa mimi si mwanachuoni. Nilikuwa karani wa ardhi mjini Moshi, na huku ugenini nikawa mtumishi wa halmashauri ya mji mpaka nilipostaafu. Maisha yangu yamepita katika ramani, mipaka na majalada. Basi nitaandika kama karani anavyoandika: kila jambo mahali pake, na deni likiwapo, nalo litaandikwa.

Kilichonisukuma ni swali la mtoto. Mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka tisa, alirudi kutoka shuleni na picha ya Kilimanjaro iliyopigwa kutoka upande wa Amboseli, nchini Kenya, yenye tembo mbele na theluji nyuma. Akaniuliza, "Babu, kwetu ni wapi hapa?" Nikaweka kidole pembeni kabisa, mkono wa kushoto, juu ya kilele cheusi chenye meno meno. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Lakini hicho kimevunjika."

Sikumjibu siku ile. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwenu nyote mliozoea kuwaambia wageni kwamba kwetu ni Kilimanjaro, kisha mkawaonyesha Kibo. Kibo ni fahari ya Afrika nzima, wala hakuna anayeikana. Lakini sisi watu wa Usseri, katika Rombo, hatukulelewa chini ya Kibo. Ukisimama katika kihamba chetu na kutazama magharibi, uionayo ni Mawenzi. Kibo, pamoja na ukubwa wake wote, hujificha nyuma yake.

MILIMA MITATU KATIKA MMOJA

Watu wengi hudhani kwamba Kilimanjaro ni mlima mmoja. Kwa hakika ni volkano tatu zilizozaliwa kwa zamu na kuegemeana. Ya kwanza ni Shira, iliyo magharibi, ambayo ndiyo kongwe kuliko zote. Ilianza kutoa moto zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, kisha ikabomoka, na leo imebaki uwanda mpana wenye kingo zenye kimo cha mita zipatazo 4,000. Ya pili ni Mawenzi, iliyo mashariki, ambayo ilianza kujijenga kiasi cha miaka milioni moja iliyopita. Ya mwisho ni Kibo, iliyo katikati, ambayo ilianza kuinuka kiasi cha nusu milioni ya miaka iliyopita na kuwapita wakubwa wake wote. Kilele cha Kibo, kiitwacho Uhuru, kina kimo cha mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Mawenzi ina mita 5,149, na kwa kimo hicho ni kilele cha tatu katika bara lote la Afrika, baada ya Kibo na Mlima Kenya.

Kwa hiyo, Mawenzi ni mkubwa wa Kibo kwa umri. Kibo ilipokuwa bado inatema moto na kujipatia ile sura yake ya mviringo, Mawenzi ilikuwa imekwisha kuzimika, nayo mvua, upepo na barafu za zama za kale vilikuwa vimekwisha kuanza kuitafuna. Sura tunayoiona leo ni mabaki ya kazi hiyo. Ndani ya mlima ule, katika siku zake za moto, lava ilipenya nyufa nyingi zilizosimama wima na kuganda humo kama kuta. Mawe ya kuta hizo yalikuwa magumu kuliko yaliyoyazunguka. Mawe laini yaliposombwa, yale magumu yakabaki yamesimama: ndiyo hayo meno, minara na sindano ambazo mjukuu wangu aliziona katika picha.

Upande wa magharibi, Mawenzi inatazamana na Kibo, na vilele vyao vimeachana kwa kilomita zipatazo 11. Kati yao umelala uwanda wa juu, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,000, ambao wapanda mlima huuita Tandiko kwa kuwa umejipinda mithili ya tandiko la punda. Ni nchi kavu na ya upepo, yenye mchanga, mawe na mafungu machache ya nyasi. Mchana jua huchoma, na usiku maji huganda.

Upande wetu wa mashariki ni habari nyingine kabisa. Huko kuta za Mawenzi zimebomoka na kuacha umbo la kwato ya farasi lililo wazi kuelekea kaskazini-mashariki, na miamba huporomoka kwa zaidi ya mita 1,000 hadi ndani ya makorongo mawili makuu ambayo ni wachache mno waliopata kuyakanyaga. Katika zama za kale sana sehemu kubwa ya mlima ilimeguka hapo na kumwagika chini kama tope na mawe, ikaenea hadi mbali katika nchi tambarare. Udongo tuulimao, kwa sehemu, umetokana na kuvunjika kule. Naomba wajukuu walikumbuke jambo hili: kilele kile kilivunjika ndipo mashamba yetu yakapata udongo.

JINA NA HADITHI YAKE

Wazee wetu waliita kilele kile Kimawenzi, na wengi hulifasiri jina hilo kuwa ni kilele kilichovunjika, ilhali Kibo, au Kipoo, hufasiriwa kuwa ni chenye madoa, kwa sababu ya weupe wa theluji juu ya mwamba mweusi. Kila nyumba ya Uchagga ina namna yake ya kusimulia kwa nini Mawenzi ilivunjika. Namna niliyoipokea kwa bibi yetu, karibu na figa, ni hii.

Kibo na Mawenzi walikuwa majirani, kila mmoja na moto wake. Mawenzi alikuwa mvivu wa kutunza moto. Kila ulipozimika alikwenda kwa Kibo kuomba kaa, na kila alipokwenda alikuta chakula akala. Siku moja alikwenda mara moja, akaenda mara ya pili, na mara ya tatu akakuta Kibo amechoka. Kibo akashika mchi wa kutwangia akampiga nao kichwani na mabegani, na Mawenzi akabaki na makovu yale mpaka leo. Tangu hapo hujifunika mawingu kwa aibu.

Nilipokuwa mtoto nilimcheka Mawenzi pamoja na wenzangu. Sasa, baada ya miaka mingi ya kuishi kwa watu, naisikia hadithi hii kwa sikio jingine. Sisi tulioondoka ndio tulioacha moto wa nyumbani uzimike, tukaenda kuomba makaa kwa jirani. Nitalirudia jambo hili kabla sijamaliza.

WAGENI WALIVYOIJUA MAWENZI

Mlima huu ulijulikana na watu wa pwani zamani, kwa sababu misafara ya biashara iliupitia. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari wa Kijerumani, Johannes Rebmann, akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya mlima. Kiongozi wa msafara wake, Bwana Kheri, alikuwa mtu wa pwani aliyeijua njia na habari za mlima kabla yake. Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji karibu na Ikweta, wataalamu fulani wa London, akiwamo William Desborough Cooley, walimkadhibisha, ingawa wao wenyewe hawakuwa wamefika. Mabishano hayo yalipungua baada ya Baron Karl Klaus von der Decken kufika mwaka 1861, na tena mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, walipopanda hadi mita zipatazo 4,200.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka wa nchi zilizozidai, na mstari ule uliotoka pwani ukapindishwa kuuzunguka mlima, ukauacha wote upande wa Wajerumani. Yasemwa mara nyingi kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake mlima huu. Ni hadithi tamu, lakini haina msingi. Mpaka ule uliamuliwa na maofisa mezani, na mimi kama karani wa ardhi naweza kuwahakikishia kwamba mambo mengi ya dunia huamuliwa hivyo. Mstari huo ndio uliowaweka jamaa zetu wa Taveta na Loitokitok katika nchi nyingine, nasi katika nchi hii, ingawa wote tunakunywa kutoka mlima mmoja.

Tarehe 6 Oktoba 1889 Mjerumani Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika juu ya Kibo. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba waliijaribu Mawenzi pia, zaidi ya mara moja, nayo ikawashinda. Mawe yake hubomoka mkononi, na kuta zake hazina pa kushika. Naomba pia tumkumbuke Mwini Amani, mtu wa Pangani, ambaye wapagazi wengine walipokwisha kuteremshwa alibaki peke yake na wazungu wale katika kambi ya juu, akawapikia na kulinda kambi katika baridi ile. Vilele viwili vya Mawenzi leo vina majina ya Meyer na Purtscheller, ambao hawakufika katika ncha ya juu kabisa, lakini hakuna kilele chenye jina la Mwini Amani.

Ilibidi kupita karibu miaka 23 kabla ya Mawenzi kupandwa. Tarehe 29 Julai 1912 Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, walifika katika ncha yake ya juu. Safari yao ilikuwa na faida nyingine kubwa kuliko kupanda. Walipiga picha na kupima sehemu za juu za mlima, na Klute akatengeneza ramani ya kwanza iliyo sahihi ya barafu za Kibo. Ramani hiyo ndiyo inayotumika hata leo kama kipimo cha kale. Kwa kuilinganisha na picha za sasa, wataalamu wamegundua kwamba barafu iliyokuwa imefunika kilomita za mraba zipatazo 12 mwaka 1912 ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2 ilipofika mwaka 2011, na tangu hapo imeendelea kupungua.

Tukio moja la huzuni nalo lina haki ya kuandikwa. Tarehe 18 Mei 1955 ndege ya abiria aina ya Dakota, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga miamba ya Mawenzi ndani ya mawingu, na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini nilipokuwa mdogo wazee walikuwa bado wakiinua macho kila waliposikia mlio wa ndege siku ya mawingu.

MAJI HUTOKA WAPI

Sasa nafika mahali ambapo naomba msikilize kwa makini, hasa nyinyi vijana msomao magazeti ya huku. Mtu akisoma kwamba barafu ya Kibo inakwisha, mara hudhani kwamba maji ya Uchagga nayo yanakwisha kwa sababu hiyo hiyo. Hata mimi niliamini hivyo kwa miaka mingi. Lakini tujiulize: Mawenzi haina barafu ya kudumu. Theluji huanguka, hukaa siku kadhaa, huyeyuka. Kama maji yangetoka katika barafu, sisi wa upande wa mashariki tungekunywa nini?

Maji yetu hutoka msituni. Upepo kutoka Bahari ya Hindi hupanda mlima ukiwa umebeba unyevu, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopoa na kuangusha mvua. Mvua huongezeka kutoka nyikani hadi katika msitu, na kwenye kimo cha mita zipatazo 2,200 huwa nyingi kuliko mahali pengine popote. Baada ya hapo hupungua tena, na huko vileleni huwa haba kama ya jangwani. Msitu huipokea mvua hiyo katika majani, magome, kuvumwani na udongo wake mweusi, kisha huiachilia polepole. Juu ya msitu mkubwa ipo miti ya erika, yenye majani membamba mithili ya sindano, na matawi yaliyovikwa mimea ining'iniayo kama ndevu za mzee. Ukungu unapopita, majani yale huukamata tone kwa tone, hata siku ambayo mvua hainyeshi. Wenye kupima chemchemi wamethibitisha kwamba sehemu kubwa ya maji yake ni ya mvua iliyonyesha katika ukanda wa msitu, wala si ya barafu.

Ushahidi wa karibu kabisa nasi ni Ziwa Chala, lile ziwa lililo ndani ya tundu la volkano kule chini, mpakani. Hakuna mto wa maana uingiao humo, ilhali kina chake kinazidi mita 90. Maji yake hufika kwa njia ya chini ya ardhi, kutoka katika mvua za msitu wa mlimani. Vivyo hivyo Mto Lumi, ambao huanzia katika miteremko ya mashariki, huteremka hadi Ziwa Jipe, na kutoka Jipe Mto Ruvu huelekea Nyumba ya Mungu na kuingia Mto Pangani. Kwa hiyo tone lililonaswa na mti wa erika chini ya Mawenzi laweza, likisalimika na jua, kufika katika mji wa Mwini Amani na kuingia baharini.

Hata hivyo, Rombo haikupewa maji kwa ukarimu kama Marangu, Kilema au Machame. Upande wa kusini wa mlima hupata mvua nyingi zaidi, na mito yake hutiririka mwaka mzima. Kwetu makorongo ni marefu na mengi ni makavu kwa miezi mingi. Ndiyo maana mababu zetu walichimba mifongo mirefu kwa majembe na vijiti, wakifuata mteremko kwa macho tu, bila chombo cha kupimia. Kila mfongo ulikuwa na wenyewe, na siku za zamu, na adhabu kwa mwenye kuiba maji usiku. Na ndiyo maana mama zetu waliamka kabla ya alfajiri na kutembea mbali na ndoo kichwani. Wenzangu wa rika langu wanakumbuka. Vijana mnaofungua bomba huku London, Reading au Houston, jueni kwamba shingo za bibi zenu zililipa.

DENI LANGU

Nimeahidi kwamba deni likiwapo litaandikwa. Lipo.

Kihamba chetu, kama wengi mnavyojua, kilipangwa kwa ngazi kama msitu mdogo. Juu kabisa ilisimama miti mikubwa: mringaringa, mruka, na msesewe ambao gome lake hutiwa katika mbege. Chini yake ilikuwa migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na majani ya ng'ombe. Mpaka ulizungushiwa masale. Kwenye ukingo wa juu, pale mfongo ulipoingilia, ilikuwapo miringaringa mitano ambayo babu aliiacha kwa makusudi, akisema kwamba mizizi yake imeshika ukingo.

Mwaka 1991 nilipata nafasi ya kuja Uingereza, lakini sikuwa na nauli. Mshahara wa karani mliujua wenyewe. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na baba hakuwa na akiba. Nikamwendea, nikamwambia kwamba mbao za mringaringa zina soko zuri. Hakunikatalia. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mti hukatwa mara moja, lakini kivuli chake hupotea kila siku." Mimi nilikuwa kijana mwenye haraka, nikadhani amekubali kwa mafumbo ya kizee. Wapasuaji mbao walikuja, na kwa siku tatu ukingo ule ukawa mweupe. Fedha zile ndizo zilizonipandisha ndege.

Barua za nyumbani zilinifuata. Kahawa iliyokuwa chini ya miti ile ilikauka kwa jua. Masika ya mwaka wa pili ukingo wa mfongo ulimeguka, na maji yakawa yanamwagika katika korongo kabla ya kufika kwetu. Ukazibwa, ukamegwa tena. Sisemi kwamba mimi ndiye niliyekausha Rombo. Jambo hilo lina mikono mingi. Lakini kwa kipande kile cha ardhi, ambacho nakijua kwa hatua, mkono ulikuwa wangu. Baba alifariki bila kunilaumu hata mara moja, na kutolaumiwa kule kumenielemea kuliko lawama.

HALI YA SASA NA SHAURI LILILO MBELE YETU

Mambo mengi yamebadilika mlimani tangu nilipoondoka. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa sehemu za juu, ilipanuliwa mwaka 2005 ikachukua na msitu, na ukataji wa magogo ukabanwa. Hilo ni jema, ingawa limewapa taabu kina mama waliozoea kuokota kuni katika ule ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 kwa ajili ya wananchi. Lakini moto haujui mpaka wa hifadhi. Katika Oktoba 2020 moto uliunguza mlima kwa siku nyingi na kuteketeza kiasi cha kilomita za mraba 95, hasa katika ukanda wa erika na vichaka vya juu. Kila moto unaposhusha mpaka wa miti, ukungu hupita bila wa kuukamata, na chemchemi hupata upungufu.

Sisi tulio mbali hatuwezi kuzima moto wa Oktoba, wala hatuwezi kurudisha barafu ya Klute. Lakini kihamba kipo mikononi mwetu, nacho kimetajwa katika ajenda ya mkutano huu. Baadhi ya ndugu wamependekeza kwamba, maadamu hakuna kati yetu anayetarajia kurudi kukaa, sehemu ya juu iuzwe na fedha zigawanywe kwa matawi ya ukoo. Nimeisoma hoja hiyo kwa heshima. Najua wapo wenye karo za kulipa na wenye wagonjwa, na mimi niliyeuza miti kwa ajili ya nauli sina kifua cha kumhukumu mtu.

Hata hivyo naomba, kama mzee wenu, tusiuze. Sehemu ya juu ndiyo yenye ukingo wa mfongo, na mfongo haukuwa wetu peke yetu. Majirani wa chini yetu wote huutegemea. Anayenunua kiwanja hununua nafasi ya nyumba, hanunui wajibu wa kushika ukingo. Napendekeza badala yake tukubaliane mambo matatu. Kwanza, kihamba kiandikwe kwa jina la ukoo, na kijana wetu aliyebaki nyumbani atambuliwe kuwa mtunzaji, apewe posho inayomtosha wala asiombewe tu dua. Pili, kila tawi lichangie miche ya miti ya asili, ipandwe masika kwenye ukingo ule na kutunzwa mpaka ishike. Mimi nimekwisha kutuma fedha za miche 25, mitano kwa kila mringaringa nilioukata. Tatu, kila familia yenye watoto ijitahidi kuwapeleka nyumbani Desemba angalau mara moja kabla hawajawa watu wazima.

Mjukuu wangu atakwenda Desemba hii, Mungu akijalia. Nimemwomba mpwa wangu amwamshe mapema na kumsimamisha uani, kabla mawingu hayajapanda, kwa sababu upande wetu jua la asubuhi hupiga uso wa Mawenzi moja kwa moja, na kila jino la mwamba huonekana. Hapo aoneshwe msitu ulio chini yake, kisha korongo, kisha mfongo, kisha ukingo mtupu. Jibu la swali lake liko hapo.

Kwetu, aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani la isale, na aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Baba hayupo wa kupokea. Basi naliweka jani langu mbele ya ukoo mzima, kwa njia ya maandishi haya, nikiomba mnisamehe miti mitano, na mnisaidie kuwasha tena moto wetu, ili wajukuu wetu wasije wakawa watu wa kuomba makaa kwa jirani.

Nawatakia mkutano mwema na safari za salama.

Ndimi ndugu yenu,
Karani mstaafu, tawi la Uingereza